Mwalimu Aliyezivisha Kompyuta

Mlangoni kwake ulivua viatu. Haikuwa dini, ingawa Mwalimu alikuwa Mwislamu. Miaka ile ya tisini karibu kila chuo cha kompyuta mjini Thika kilikuwa na sheria hiyo, kwa sababu tuliamini vumbi la barabarani lingeingia ndani ya mashine na kuiua. Chuo chake kilikuwa vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na ngazi nzima ilijaa viatu vya wanafunzi. Siku yangu ya kwanza nilivua vyangu, kisha nikakumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba soksi ya kushoto ilikuwa na tundu na dole gumba lote lilikuwa nje. Mimi nilikuwa mtu mzima, karani wa stoo katika kiwanda cha nyuzi, baba wa watoto waliokuwa sekondari. Mwalimu aliliangalia lile dole, kisha akaniangalia usoni.

"Karibu, mzee," akasema. "Na huyo mwenzako pia karibu. Nitawafundisha nyote wawili."

Wasichana waliokuwa ndani walicheka, nami nikacheka, na hofu niliyopanda nayo ngazi ikapungua kidogo.

Sijui alizaliwa wapi wala alisomea wapi. Nilijua tu kwamba aliishi Majengo, kwamba alikuwa mwembamba na mrefu kupita wanaume wengi, na kwamba alivaa buibui la rangi ya kahawia wiki baada ya wiki, hata sisi wanafunzi tukawa tunabishana kama alikuwa nalo moja au alikuwa na mengi yanayofanana. Alitembea kati ya mashine mikono ikiwa nyuma. Sikuwahi kumwona akishika mausi ya mwanafunzi. Ukikwama alisimama nyuma yako akinusa hewa, kama mtu anayehisi kitu kinaungua jikoni, akasema, "Rudi hatua moja. Kabla ya hapo uliona nini?" Ukimwomba akufanyie, alikuuliza kama kesho atakuja kukufanyia kazini pia.

Naandika habari zake kwa sababu nimekutana na walimu wengi, wengine wenye vyeti vilivyojaza ukuta, na sijaona mwingine aliyeelewa kama yeye kile ambacho mtu anakiona anapokaa mbele ya skrini. Watu wa siku hizi hubadilisha sura ya programu zao asubuhi na jioni, rangi hii, picha ile, na hawafikiri hata kidogo. Pale Thika, jambo hilo mimi nililiona kwake kwanza. Yeye aliliita kuvisha. "Leo tunavisha," alisema, na chumba kizima kikachangamka.

Sisi wa kiwandani hatukwenda kwake kwa hiari. Kiwanda kilikuwa kimenunua programu ya kuhesabu mali ya stoo, iliyoandikwa na kijana mmoja wa Nairobi, na meneja alituita sisi makarani ofisini kwake akatuambia bila kuzungukazunguka kwamba atatufanyia mtihani, na atakayeshindwa kuitumia atarudi nyumbani. Hayakuwa maneno ya kututisha tu. Viwanda vya Thika vilikuwa vikipunguza watu, na kila mwisho wa mwezi ungemwona jirani yako mtaani kwetu Kiganjo ameketi nje ya nyumba mchana, amevaa vizuri, hana pa kwenda. Mimi nilikuwa nimeishia kidato cha nne. Nilipata nafasi ya kuendelea na masomo nikiwa kijana, nikaiacha kwa sababu nilitaka kuvaa saa ya mkononi upesi, na hilo ni kosa langu, sikulazimishwa na mtu. Kwa hiyo niliogopa jambo moja tu: kuambiwa mbele ya wenzangu kwamba nimekwisha.

Na ile programu, nitasema ukweli, ilinishinda kabisa. Yote ilikuwa ya kijivu. Vitufe vilijipanga juu kama matofali, vya kijivu, vyenye maandishi madogo ya Kiingereza, kila kimoja pacha wa mwenzake. Kimoja tu ndicho kilichokuwa chekundu, nacho kilikuwa cha kufuta. Sasa, kwetu kiwandani uzi hukaa juu ya koni za karatasi, na kila unene wa uzi una rangi yake ya koni, ili mtu aujue akiwa mbali. Koni nyekundu ilikuwa ya uzi wa sweta za shule, uzi tuliokuwa tukiutoa kila saa. Mwenzangu wa stoo, tuliyemwita Baba Wambui, alipoambiwa siku ya kwanza atoe uzi mwekundu, alibonyeza kitufe chekundu kwa imani yote. Rekodi ya shehena nzima ikapotea. Alibaki akisema, "Si nimetoa? Si mmesema nitoe?"

Mwalimu alipotupokea hakutufundisha kitu siku hiyo. Alituketisha mbele ya ile programu, ambayo kiwanda kilikuwa kimempa nakala yake, akatuuliza tunaona nini.

"Hatujui, mwalimu," nikasema kwa niaba ya wote.

"Sijauliza mnajua nini. Mnaona nini?"

"Kijivu," akasema Baba Wambui.

"Haya. Kijivu. Nini kingine?"

"Kijivu kingine."

Mwalimu hakucheka. Alituambia maneno ambayo baadaye tulikuwa tukiyarudia sana kazini. "Kama huoni, usiseme hujui. Sema huoni. Hiyo ni shida yangu, si yako."

Kisha akanigeukia. "Mzee, kwako kuna TV?"

"Iko."

"Imefunikwa nini?"

"Kitambaa. Mama watoto alifuma. Hata viti viko navyo."

"Kwa nini alifuma?"

Nikafikiri. "Mtu akiingia aone ni nyumba ya watu. Asiogope kukaa."

"Na ukishafunika, habari ya saa moja inabadilika?"

"Itabadilika aje? Habari ni ile ile."

"Bas," akasema. "Hiyo ndiyo kazi tutafanya hapa. Habari haibadiliki. Lakini mtu asiogope kukaa."

Jinsi alivyofanya ni rahisi kueleza, ingawa aligundua mwenyewe kwa kupekua. Kila kitufe cha ile programu kilikuwa picha ndogo iliyowekwa ndani ya folda moja pamoja na picha nyingine. Ukichora picha yako ya ukubwa ule ule, ukaipa jina lile lile, ukaiweka mahali pa ile ya zamani, programu iliichukua na kuivaa bila kujua. "Haina kioo," alituambia. "Haijui imevaa nini." Aliniagiza nimletee koni tupu kutoka kiwandani, nikampelekea kwenye mfuko wa nailoni, ya kijani, ya manjano, ya buluu na nyekundu. Alizipanga kando ya skrini akaanza kuchora nukta baada ya nukta, akiinua macho kutazama koni, akiyashusha, kama mshonaji anayemtazama mteja mabega.

Alituuliza sisi tunaita nini kila kazi, si vile kijana wa Nairobi alivyoiita. Pamba na rangi zilikuwa zikiingia kupitia mlango uliotazama reli, kwa hiyo kupokea mali tuliita "kwa reli". Akachora behewa la treni. Kutoa mali tuliita "kwa mashine", akachora mashine ya kufuma. Uzi ukawa koni za rangi zake halisi. Kitufe cha kufuta kilimsumbua. Alikichora mara kadhaa akakitupa, hadi siku moja alipokuja akitabasamu, amekiona njiani akipita kwenye lango la nyumba ya tajiri fulani. Alikuwa amechora kichwa cha mbwa, meno nje, kama yule wa kwenye vibao vya Mbwa Kali.

"Gusa basi," akamwambia Baba Wambui.

"Mimi? Siwezi nikagusa huyo."

Picha zilipokamilika tulizibeba kwenye disketi hadi kompyuta za kiwandani, na tangu hapo hakuna aliyefuta kitu kwa bahati mbaya.

Usidhani alikuwa mtu wa mapambo. Vijana waliosoma kwake walipojua kwamba sura ya kompyuta hubadilika walileta picha za magari na wachezaji wa mpira, wakaweka nyuma ya kazi zao. Mwalimu alisimama nyuma ya kijana wa namna hiyo, akanusa, akauliza, "Hapa umevisha au umeficha?" Kijana akijaribu kutafuta barua aliyokuwa akiandika katikati ya magurudumu, alijibiwa kabla ya kufungua mdomo. "Itoe."

Vilevile alikataza michezo chuoni, karatasi ikabandikwa ukutani, na yeye mwenyewe alikuwa mraibu wa ule mchezo wa karata wa kompyuta. Alicheza akifikiri. Ukimkuta anapanga karata ulijua kuna mwanafunzi ameshindwa na jambo na Mwalimu anatafuta njia ya kumfikia. Msichana mmoja alimuuliza kwa nini yeye anavunja sheria yake. "Sheria ni ya wanafunzi," akajibu bila kuondoa macho kwenye karata. "Ukiwa mwalimu utacheza."

Alipenda kuitwa mwalimu na alichukia kuitwa fundi. Mtu akisema "fundi wa kompyuta" alimwelekeza kwa heshima kwenye duka la redio upande wa pili wa barabara. Wakati wa Ramadhani alifundisha midomo ikiwa imekauka, na alipotuona tumejizuia kula kwa kumwonea haya, alitufukuza tushuke chini. "Nendeni mle. Nimefunga mimi, nyinyi hamjafunga." Mimi ni mtu wa kwaya ya kanisa, na tulitaniana sana kuhusu hilo. Aliniambia kwaya yetu aliisikia Jumapili mpaka Majengo, na kwamba mtu wa sauti ya tatu alikuwa nje ya wimbo. Mtu wa sauti ya tatu nilikuwa mimi. Hadi leo sijui kama alijua.

Alikuwa na majivuno yake pia, na nayapenda hata sasa. Katika kila picha aliyochora aliweka nukta moja ya rangi ya chungwa kwenye kona. Moja tu, ndogo kiasi kwamba usingeiona usipoonyeshwa. Alinionyesha siku moja wakati wa chai. Nikamuuliza ya nini ikiwa hakuna atakayeiona. "Mimi naiona," akasema, akanywa chai yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa sababu bila hilo huwezi kujua Mwalimu alikuwa mtu wa aina gani.

Alikuwa ametuonyesha kwamba ile programu ilimruhusu kila karani kuchagua rangi ya ukurasa wake. Alituambia tuchague rangi iliyopoa. Mimi nilichagua damu ya mzee, ule wekundu mzito wa kanzu zetu za kwaya. Nilijiona bwana mkubwa. Kila asubuhi niliandika jina langu na skrini nzima ikafunguka kama mlango wa kanisa siku ya Krismasi. Mwalimu aliiona chuoni akasema, "Hiyo ni nzito, mzee. Itakumeza." Nikamwambia nimeizoea. Kumbe kijana wa Nairobi alikuwa ameipanga programu yake hivi: mali ikiisha, hesabu ikapita chini ya sifuri, nambari hugeuka nyekundu ili karani ashtuke. Nyekundu juu ya damu ya mzee haishtui mtu. Haionekani. Nilitoa uzi ambao haukuwepo, nikaandika kwamba umetoka, na wafumaji wakasimama asubuhi nzima kando ya mashine zao wakingoja kitu ambacho mimi nilikuwa nimekitoa kwenye skrini tu.

Kijana wa Nairobi aliitwa. Alikuja na tai na mkoba, akaketi kwenye kiti changu, akawasha mashine, kisha akageuza kiti kututazama.

"Nani ameguza system yangu?"

"Mwalimu ameivisha," akasema Baba Wambui.

"Amei-nini?"

"Ameivisha. Ilikuwa haina nguo."

Kijana akasogeza uso karibu na skrini. "Hii ni mbwa?"

"Ni mbwa. Ndiyo maana siku hizi hatufuti vitu ovyo."

Meneja hakuona kichekesho. Kijana alimwambia kwamba programu ikishaguswa na mtu mwingine yeye hatawajibika, na meneja akatoa amri palepale: nguo zote zitolewe, na mtihani wetu ufanywe kwenye kijivu. Sisi tulitazamana. Hakuna kati yetu aliyewahi kufanya kazi ya siku nzima kwenye kijivu. Nilipotoka jioni hiyo nilijua tayari ningeketi upande gani wa nyumba, mahali ambapo watu wa njiani wasingeniona.

Siku iliyofuata Mwalimu alikuja kiwandani. Hatukumwita, habari zilimfikia. Alipita langoni na buibui lake la kahawia, mrefu kuliko askari wa lango, akaomba kumwona huyo kijana, aliyekuwa amerudi kuzitoa zile nguo. Waliketi stoo, meneja akiwa amesimama, sisi tukijifanya tunapanga magunia.

"Madam, hapa si saluni," kijana akaanza.

"Najua. Saluni watu huchagua wenyewe."

"Umeingilia programu yangu."

"Programu yako sijaigusa. Fungua uangalie. Nimegusa folda ya picha peke yake."

"Hata hizo picha ni zangu. Nilizipima moja moja. Kila kitu kiko mahali pake."

"Kwako kiko mahali pake. Hawa wazee walikuwa wanakitafuta."

Kijana hakuwa mjinga, na sitamfanya mjinga hapa. Alifungua ukurasa wangu, damu ya mzee ikajaa chumba. "Sawa. Na hii? Nimeweka nyekundu mtu aone mali imeisha. Huyu mzee hakuona. Mashine zimesimama. Hiyo pia ni nguo, madam?"

Mwalimu aliitazama ile skrini. Alisogea hadi karibu na kioo, akaitafuta ile nambari nyekundu.

"Hapo uko sawa," akasema. "Hilo kosa ni langu. Niliwafundisha kuchagua, sikuwafundisha cha kuacha."

Nilikuwa nimeshika gunia. Nililiweka chini. "Si lako, mwalimu," nikasema. "Alinionya, meneja. Aliniambia itanimeza. Mimi ndiye nilikataa kusikia."

Meneja akaniangalia, akasema tangu wakati huo hadi siku ya mtihani nisiguse kompyuta ya kiwanda, nihesabu marobota ya pamba na wapakuaji. Nilistahili. Lakini nilimwona Mwalimu akinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, na jioni ile nilitembea hadi Kiganjo nikiwa nimeinua kichwa, jambo la ajabu kwa mtu aliyeshushwa kazi.

Yeye na yule kijana walibaki pale stoo mpaka wakati wa chakula, vichwa vyao viwili mbele ya skrini moja. Walikubaliana kwamba nambari na rangi za nambari ni za kijana, hakuna wa kuzigusa, na kurasa zote ziwe nyeupe. Vilivyobaki vingeweza kuvishwa baada ya mtihani, kama tutafaulu. Nikipita na robota nilimsikia kijana akimuuliza, kwa sauti nyingine kabisa, alipata wapi nafasi ya kuchora magurudumu ya behewa kwenye picha ndogo namna ile.

Basi tulikuwa na mtihani wa kijivu mbele yetu, na hapo ndipo nilipoona ukubwa wa Mwalimu. Mwalimu mwingine angeivua programu nguo zote siku moja na kutuambia tukariri. Yeye aliiweka ile programu chuoni kama alivyokuwa ameivisha, na kila tulipokwenda alikuwa ametoa kitu kimoja tu. Leo mashine ya kufuma imekuwa kitufe cha kijivu, mengine yote yako. Tukafanya kazi, mkono ukaenda palepale. Wakati mwingine koni ya manjano imetoka. Halafu ya buluu. Tulinung'unika kila mara.

"Mwalimu, leo umechukua nini tena?"

"Tafuta."

"Behewa haliko."

"Na mali umepokea?"

"Nimepokea."

"Basi behewa liko."

Mbwa alikuwa wa mwisho kuondoka. Baba Wambui alimuaga.

Siku ya mtihani meneja alisimama nyuma yangu, na yule kijana kando yake. Skrini ilikuwa kijivu tupu, ile ile iliyonifanya nijione mjinga. Niliona behewa. Naapa nililiona, pale pale lilipokuwa, na koni zote kwa rangi zake, na mbwa kwenye kona yake akilinda. Nilipokea, nikatoa, nikahamisha, nikafika kwenye uzi uliokuwa umeisha, nambari ikageuka nyekundu, nikasimama. "Hii haiko," nikamwambia meneja. "Hapa siwezi kutoa." Kijana wa Nairobi akaitikia kwa kichwa akaandika kitu. Sote tulifaulu. Nimewahi kusimamia harusi za wanangu, nimewahi kuchaguliwa mwenyekiti wa kwaya, na bado nikiulizwa siku niliyojivunia kuliko zote naitaja hiyo.

Kiwanda chenyewe hakikudumu. Nguo za mitumba zilijaa sokoni, sweta ikauzwa kwa bei ambayo hata uzi wake usingepatikana, na mwishowe mashine zikazimwa na lango likafungwa kwa mnyororo. Hapakuwa na mtihani wa kufaulu safari hiyo. Nikaketi nyumbani Kiganjo kama wale niliokuwa nikiwaona. Nilipaswa kupanda zile ngazi nikamweleze Mwalimu. Sikupanda. Niliona kama nimepoteza kitu chake, na nikaacha miezi ipite, na ikawa miaka, na niliposikia chuo kimehama sikuuliza kimehamia wapi. Uvivu wa namna hiyo hauna wa kulaumiwa ila mwenyewe.

Nilimwona mara ya mwisho Ruiru, muongo ule ukielekea kwisha. Binti yangu alikuwa amepanga chumba Mwihoko, na siku hiyo nilikuwa nimepita Ruiru mjini kumtolea nakala za kitambulisho chake. Niliingia duka la kwanza lenye kibao cha kupiga chapa. Ndani kulikuwa na mashine ya fotokopi, benchi la wateja, kompyuta moja, na buibui la kahawia.

"Mzee wa stoo," akasema. Miwani ilikuwa imezidi unene. "Umepotea."

"Nimepotea, mwalimu."

"Chuo nilifunga. Thika kila ghorofa sasa ni chuo. Hapa nafundisha mmoja mmoja, anayetaka." Akachukua kitambulisho cha binti yangu, akakiweka kwenye mashine. "Kiwanda nilisikia kilifungwa. Wewe je?"

"Mimi nilikwisha nacho."

Alinipa nakala zangu, nami nikawa naitazama kompyuta yake. Ilikuwa kijivu chote, kama ilivyotoka kwa muuzaji, hakuna picha, hakuna rangi. Nikamuuliza imekuwaje, yeye mwenyewe.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako."

"Mimi naona." Akatazama saa ya ukutani. "Nikalie hapa nikaswali, adhuhuri inanipita. Kuna mama atakuja kujifunza. Mwambie angoje."

Yule mama alikuja hata kabla sijazoea kiti. Alikuwa na aproni juu ya nguo, anauza chakula cha kuku pale karibu, na akina mama wa kanisa lake walikuwa wamemchagua katibu wao. Nilimwambia angoje. Akaketi mbele ya kompyuta, mikono mapajani, akaiangalia kama mtu anayeangalia mto uliofurika.

"Hii kitu mimi sitaiweza," akasema. "Karibu nirudie njiani. Kichwa yangu ni ngumu."

"Mama, ukiangalia hapo unaona nini?"

"Naona tu giza-giza."

Nilivuta benchi. Nilimwelekeza alipo mahali pa kubadilisha sura, naye akasogeza mausi kwa vidole viwili kama anayeshika kaa la moto. Tuliongeza ukubwa wa maandishi hadi akaacha kukunja macho. Nikamuuliza ni rangi gani anaweza kuitazama siku nzima bila kuchoka. Akafikiri sana, akasema jani la mgomba likiwa bado changa. Tukalitafuta. Tulipita kijani kimoja akasema hicho ni kichungu, tukapita kingine, na alipokiona chenyewe akacheka peke yake. Nilihakikisha ukurasa wa kuandikia unabaki mweupe. Kisha akaanza kutafuta herufi za jina lake, moja baada ya nyingine, na kila ilipotokea aliigusa kwenye kioo kwa kidole.

Mwalimu alirudi tukiwa katikati. Sikumsikia. Alikuwa amesimama nyuma yetu, anaitazama kompyuta yake ikiwa ya rangi ya mgomba.

"Nani anakufundisha, mama?" akauliza.

"Huyu mwalimu," akasema yule mama, bila kugeuka. "Ngoja kidogo, nimebakisha jina la baba."

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Mwalimu alikuwa ameshakwenda kuketi kwenye benchi la wateja, karibu na mlango. Mtu mmoja akaingia na karatasi zake mkononi, akataka kujua kama anaweza kupigiwa chapa sasa hivi.

"Kaa hapa ungoje," Mwalimu akamwambia. "Mwalimu ana mwanafunzi."